Mshono Katika Sauti ya Masunga

Siku ile mjinga alikuwa Ambakisye. Tuliseme mapema, msomaji asije akapoteza muda kumsaka mjinga mwingine humu ndani, maana watapita wenye sura za kufaa kazi hiyo, akiwamo mhandisi mwenye kofia nyeupe na mashine yenye cheti. Hapana. Mjinga alikuwa fundi wa redio, Ambakisye Mwasaka, miaka arobaini na sita, kitambi cha wastani, mdomo usio na breki. Ujinga wenyewe aliufanya saa mbili na robo asubuhi, kweupe, mbele za watu, huku wakimchekea.

Saa sita kasoro robo alikuwa bado hajajua.

Alikuwa amekaa chini ya turubai la kijani, machimbo ya Mtakuja, mbele ya kompyuta moja na chupa ya chai. Hatua hamsini kutoka hapo, duara namba tisa, njia ya wachimbaji ya kushukia chini ya ardhi, lilikuwa limetema vumbi alfajiri na kufunga mdomo, wanaume wanne wakiwa chini. Kiongozi wao, Masunga, alishuka na redio ya mkononi, na redio hiyo ilikuwa bado inasema. Ndiyo maana watu mia mbili waliokaa juani hawakuwa wakilia. Kila baada ya dakika chache, spika iliyofungwa kwenye nguzo ya turubai ilitoa sauti yake, nzito, tulivu, na nyuma yake mvumo mwembamba kama wa mbu nje ya chandarua.

"Wote wazima. Msiwe na wasiwasi. Tuko kwenye shimo la kushoto."

Umati ulishusha pumzi. Mzee mmoja aliuliza, kwa mara ya pili siku hiyo, hao mbu nao walishukaje.

"Mbu wa Mtakuja, mzee wangu," Ambakisye akamjibu. "Wanafuata damu mpaka kwenye mwamba."

Watu wakacheka. Hicho nacho ni kicheko alichokuja kukijutia.

"Fuko yuko mita ya ishirini na sita," akatangaza Mhandisi Rwechungura kutoka kwenye meza yake, mkono ukiwa juu ya usukani mdogo wa chuma. Fuko ilikuwa mashine ya uokoaji, ndefu kama mwanamume aliyelala, yenye meno usoni. Ilichimba yenyewe, mita moja kwa dakika, ikiacha nyuma yake bomba la hewa na maji. Ilikuwa na nguvu ya safari moja tu. Na safari hiyo ilikuwa na kikomo cha majuto: hadi mita ya arobaini udongo ni laini, Fuko anageuzika, kuanzia hapo ni mwamba, na Fuko akishauma mwamba hageuki tena kwa dua wala kwa matusi.

Chini kabisa, duara namba tisa liligawanyika matawi mawili. Mhandisi alikuwa amemwelekeza Fuko tawi la kushoto, kwa sababu sauti ilisema kushoto.

Kwenye maikrofoni alikaa Nyamizi, mke wa Masunga, ambaye machimboni hapo kila mtu alimwita Mama Kabula. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na vumbi jeupe lilikuwa limemganda mpaka kwenye kope. Tangu asubuhi alikuwa akizungumza na mumewe. Kwa robo saa sasa hakuwa amesema neno.

"Shemeji, mbona umenyamaza?" Ambakisye akamtania. "Mtu yuko chini ya ardhi, hana pa kukimbilia. Hii ndiyo nafasi ya kumdai kitenge."

Nyamizi alikuwa anaitazama spika.

"Fundi," akasema polepole, "huyo si Masunga."

* * *

Ambakisye alicheka, maana ndivyo alivyozoea kupokea kila kitu, hata barua ya kufukuzwa kazi. Lakini alisogeza kiti.

"Sauti ni yake."

"Sauti ni yake. Maneno siyo." Nyamizi alishusha sauti ili walio nje wasisikie. "Anasema shimo."

"Si yuko shimoni?"

"Yuko duarani. Wewe Mnyakyusa wa mjini huwezi kujua. Mchimbaji hataji shimo akiwa ndani, Fundi. Shimo ni la kuzikia. Mtu akilitaja chini, Masunga anamtoa juu, anamnawisha uso, siku hiyo hashuki tena. Mwezi uliopita alimfanyia hivyo mdogo wake wa tumbo moja. Leo yeye, kafukiwa, ndipo alitaje mara ishirini?"

"Mtu akiwa na hofu..."

"Na kushoto ni kushoto kwa nani? Ukishuka ni kushoto, ukipanda ni kulia. Watu wangepotezana. Wao hawana kushoto. Tawi lile pana, mnakompeleka Fuko, wanaliita Sebuleni. Hili jingine jeusi, wanaliita Jikoni. Muulize yeyote hapo nje."

Ambakisye aliacha utani, akaigeukia kompyuta.

Inafaa kueleza hapa jinsi sauti ilivyokuwa ikisafiri, kwa sababu ndipo ulipolala ujinga. Redio za siku hizi hazibebi sauti, zinabeba vipande. Sekunde moja ya maneno hukatwa vipande hamsini, kila kimoja hufungwa kwa namba na kurushwa hewani. Programu moja kwenye kompyuta hudaka mawimbi na kutoa mvumo usio na maana. Programu ya pili huupokea mvumo huo, hufungua vipande na kuvirudisha kuwa maneno. Kati ya hizo mbili hakuna waya wa kushika. Kuna bomba la sauti, la kufikirika, liko ndani ya kompyuta yenyewe: unaiambia ya kwanza imwage humu, unaiambia ya pili ikinge hapa. Kisha bomba jingine hupokea maneno yaliyokamilika na kuyapeleka kwenye spika. Ambakisye, enzi akifanya kazi Mwanza, alikuwa ameyabatiza mabomba yake kwa majina ya mapacha wa Kisukuma: Kulwa anayetangulia kuzaliwa, na Doto anayefuata. Kulwa wa kuingilia, Doto wa kutokea. Aliona ni utani mzuri.

Ile programu ya pili iliitwa Mshonaji, na dunia nzima ilikuwa ikiitegemea. Zamani vipande vikipotea njiani, sentensi ilibaki na matundu na redio ililia kama jogoo ndani ya ndoo. Mshonaji alikomesha hayo. Akishaisikia sauti yako dakika chache, aliziba palipotoboka kwa kukisia ulichotaka kusema, tena kwa sauti yako mwenyewe. Simu za nchi nzima zilikuwa zikishonwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Watu walikuwa wameposwa, wamefukuzwa kazi na wamesamehewa kwa maneno ambayo hakuna kinywa kilichoyatamka, na mahakama ilishaamua: neno lililoshonwa na Mshonaji mwenye cheti ni neno la msemaji.

Kwenye pembe ya skrini, Mshonaji huandika ana uhakika kiasi gani. Asubuhi aliandika arobaini na moja kwa mia. Sasa aliandika tisini na nane. Mhandisi alikuwa ameitazama namba hiyo ikipanda, akaridhika, akamwelekeza Fuko.

"Inapandaje?" Ambakisye alijiuliza kwa sauti. "Betri ya redio inaisha, mwamba haujapungua, uhakika unapandaje?"

Akafungua kumbukumbu ya mawimbi yenyewe, mabichi, kabla hayajafika kwa Mshonaji. Mstari wa kijani ulikuwa na vilima vidogovidogo hadi saa tano na dakika mbili. Kisha ulilala tambarare.

Alitazama saa. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

"Wote wazima," ikasema spika juu ya kichwa chake. "Msiwe na wasiwasi. Tuko kwenye shimo la kushoto."

Mstari haukutikisika.

Alifungua ukurasa wa mipangilio, akasoma mistari miwili ambayo mtoto wa shule angeisoma akaielewa. Mshonaji anakinga: Kulwa. Mshonaji anamwaga: Kulwa.

Saa mbili na robo jenereta lilikata. Kompyuta ilipowaka upya iliuliza kila kitu upya, naye wakati huo alikuwa anawasimulia watu jinsi mama mkwe wake alivyopigana na mlango wa kioo. Kidole kilichagua, mdomo ukasimulia. Spika nayo ilikuwa imechomekwa Kulwa, kwa hiyo kila kitu kilisikika, na wale mbu walikuwa mvumo mbichi wa redio ukivujia humo humo. Fundi wa mwaka wa kwanza angewatambua. Fundi wa mwaka wa ishirini aliwafanyia utani.

Basi tangu asubuhi Mshonaji alikuwa akisema neno, akilisikia neno lake, akalihesabu kuwa ushahidi, akalisema tena kwa nguvu zaidi. Alijisemea, akajisikia, akajipa kongole. Redio ilipozimika, mvumo wake uliendelea kuzunguka mle bombani pamoja na maneno, na yeye hata hakugundua kwamba chini kumenyamaza.

"Mita ya thelathini," akasema Mhandisi.

* * *

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo jambo la kwanza lililomjia Ambakisye, na tusimhukumu, linamjia kila mtu. Angeweza kumrudisha Doto mahali pake kwa kidole kimoja. Sauti ingekatika, watu wangesema Masunga amezimika dakika hiyo, wangeomboleza, Fuko angeendelea Sebuleni na fundi angerudi nyumbani na leseni yake. Au angeacha kama ilivyo. Watu mia mbili wafarijike saa moja zaidi. Nani alishakufa kwa kufarijiwa?

Ndani ya pochi yake kulikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, pana kama kucha. Miaka kumi na mmoja iliyopita baba yake alimpigia kutoka Kyela, mtandao mbovu, mzee yuko kitandani, wana ugomvi wa miaka sita kati yao. "Nimekusamehe, mwanangu," simu ilisema. Kesho yake mzee akafariki. Ambakisye, kwa kuwa ni fundi, aliweza kuyatoa mawimbi mabichi ya simu ile, yasiyoshonwa, akayahifadhi kwenye kadi. Hajawahi kuyasikiliza. Kila mwaka hujiambia mwaka huu, kisha hutafuta mtu wa kumtania.

Alijua vizuri kabisa mshono ni mtamu kiasi gani. Lakini chini ya mshono wa baba yake hapakuwa na mtu anayeishiwa hewa.

"Shemeji," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri sauti yake haikuwa na mchezo. "Nimekosea mimi. Bomba la kutokea nililiunga kwenye la kuingilia. Hiyo sauti ni kompyuta inajisikiliza yenyewe. Redio ya Masunga imenyamaza tangu saa tano."

Nyamizi hakulia. Aliiweka maikrofoni mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Nilimwambia kwamba mtoto wetu Kabula ana homa."

"Nilisikia."

"Akaniambia msiwe na wasiwasi." Akafuta vumbi kwenye kope kwa kiganja. "Nilipaswa kujua pale pale. Masunga angeuliza nimempa dawa gani."

"Nisamehe."

"Msamaha upange foleni," Nyamizi akasema. "Nisikilizishe aliyoyasema yeye. Mwenyewe. Kabla hujamshona."

Ambakisye alimzima Mshonaji. Nje, mvumo wa mbu ulikatika ghafla na umati ukanyanyua vichwa. Akazungusha kumbukumbu nyuma hadi saa nne na nusu, akaiunganisha moja kwa moja na programu ya zamani isiyojua kukisia, ile ya jogoo ndani ya ndoo, na kuachia spika.

Zilitoka kelele. Matundu, mkwaruzo, kimya, kisha kipande cha mtu.

"...ma Ka..."

Nyamizi akashika ukingo wa meza.

"...dua... ...koni... ...aji ya... ...koni, Ma..."

Kimya kirefu. Kisha tena, dhaifu zaidi: "...koni..."

"Mita ya thelathini na nne," akasema Rwechungura, halafu akasimama. "Fundi, unafanya nini? Mbona umeizima mashine?"

Ambakisye alimweleza. Alimweleza yote, kwa sauti, watu wa mbele wakisikia, bila kuweka hata kichekesho kimoja cha kujikinga nacho. Mnung'uniko ulipita nje kama upepo kwenye majani makavu, na mwanamke mmoja akaanza kulia. Mhandisi alisikiliza bila kuondoa mkono kwenye usukani. Fundi alipomaliza, Rwechungura alikuwa amepauka.

"Kwa hiyo namba ile, tisini na nane..."

"Ni mashine inajisifia, Mkuu. Kisio la kwanza lilikuwa arobaini na moja. Mshonaji amefunzwa maneno ya mjini. Huko duara ni umbo la darasani, hakuna anayeingia ndani yake. Alisikia kipande cha dua, akakosa pa kukiweka, akaweka shimo. Koni hakuielewa, ikabidi akisie upande, akaangukia kushoto."

"Wako Jikoni," Nyamizi akasema. "Amelitaja mara tatu. Geuza."

"Mama Kabula." Rwechungura aliondoa kofia. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko siku nzima. "Mimi nimesikia koni. Wewe umesikia Jikoni kwa sababu unalijua hilo jina na unamtaka mumeo. Hata wewe unashona. Kila mtu anashona."

Hilo, Ambakisye alijua, lilikuwa kweli.

"Sebuleni inaishia na nini?" akauliza Nyamizi.

"Leni."

"Umesikia leni popote?"

"Sijasikia. Lakini kutosikia si ushahidi. Mita ya thelathini na sita." Aliiweka kofia mezani. "Mwaka juzi, machimbo mengine, nilimsikiliza mama mmoja kama wewe. Aliapa anamjua mwanawe. Nikageuza. Tukatokea kwenye mwamba mtupu, na walipochimbua baada ya wiki, walikuwa upande ule ule mashine iliousema. Tangu siku hiyo sisikilizi mtu. Nasikiliza mashine. Ikikosea, imekosea kwa cheti. Mimi nikikosea, naua watu wanne kwa mkono huu."

"Mashine imeshakosea, Mkuu," akasema Ambakisye.

"Wewe umekosea. Ulivyounganisha. Kisio lake la kwanza, kabla ya mzunguko wako, lilikuwa kushoto. Ndivyo au sivyo?"

"Ndivyo. Kwa arobaini na moja."

"Arobaini na moja ni zaidi ya sifuri. Kisheria alisema kushoto. Nikigeuza na nikakosa, nitaeleza nini? Kwamba nilidharau mashine yenye cheti kwa ajili ya silabi mbili?"

"Utasema fundi alikuwa mjinga. Nitasaini," Ambakisye akajibu. "Andika sasa hivi, nitaweka na dole gumba."

"Sahihi yako haipumui, Fundi. Mita ya thelathini na saba."

Nje watu walikuwa wamesimama wote. Wanaume watatu wa duara namba nane walikuwa wamesogea hadi kwenye kamba ya turubai. Mmoja wao alitikisa kichwa kukubali mara tu Nyamizi alipotaja Jikoni, lakini Mhandisi alikuwa amewapa mgongo. Ardhi ilitetemeka kidogo chini ya miguu yao, Fuko akitafuna. Ambakisye alirudisha kumbukumbu nyuma tena, akaongeza sauti hadi mwisho, spika ikapasuka kwa mkwaruzo.

"...aji ya... ...koni, Ma..."

"Maji," akasema Ambakisye. "Anasema kuna maji, Mkuu."

"Au mtaji. Au kipaji." Rwechungura aliwageukia wote wawili, mkono ukiwa bado juu ya usukani, na kwa mara ya kwanza ilionekana wazi kwamba hakuwa akibishana nao, alikuwa akiwaomba wamshinde. "Thelathini na nane. Mama, nielewe. Mashine hii imefunzwa kwa sauti za watu milioni tisa. Milioni tisa. Inajua mtu husema nini akiwa na hofu, akiwa na kiu, akiwa gizani. Wewe maisha yako yote umesikiliza sauti ngapi, hata nikuamini wewe kuliko hiyo?"

Nyamizi alikuwa ameshazunguka meza. Aliweka mkono wake mweupe kwa vumbi juu ya mkono wa Mhandisi, kwenye usukani, bila kuusukuma.

"Moja," akasema. "Hiyo iliyoko chini. Geuza."